Nusu ya Kidonge

Githongo, 5 Februari 2025

Kwa Karwirwa, dada yangu,

Nimekukosea. Wacha niseme hivyo kwanza kabla sijakuuliza habari, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Hivyo vidonge ulivyopata kwa mkebe wa gundi, pale karakana ya bwanako Ndwiga, si vya ukimwi. Ni vyangu. Mimi ndiye nilimpa.

Beverlyne wako amemwambia Muthomi wangu kila kitu. Ati umemfukuza baba yake kitandani, analala juu ya mbao, na wewe umeenda kujipima mara tatu. Nimekupigia tangu jana, simu yangu hushiki. Sasa nifanye nini? Ndiyo naandika.

Ni hivi. Unajua mimi nina kansa ya damu, huu ni mwaka wa tano, nameza kidonge kila siku na niko sawa, nalima, nabeba gunia. Krismasi mlipokuja, Ndwiga alinivuta nyuma ya zizi akaniambia amepimwa damu huko Embu. Alikuwa anachoka bure, na akipiga mswaki fizi zinatoka damu. Wakakuta seli nyeupe zimepanda sana, wakamwambia arudi atolewe uboho kwa mfupa wa nyonga ndio wajue ni nini. Akaogopa. Mimi nikamwambia, shemeji, mimi pia seli zangu zilipanda hivyo hivyo, huo ni ugonjwa wangu, dawa ninayo, hospitali hunipa zinabaki. Nikamwambia asikuambie, usije ukashtuka bure.

Ni hivyo tu. Hana mwanamke mwingine. Mrudishe kitandani.

Ni mimi kaka yako,
Mwongera

*

Embu, 9 Februari 2025

Mwongera,

Hata "mpendwa" sitaandika. Na usipige simu. Ukipiga unaongea wewe, nikianza mimi unasema mtandao umepotea. Andika. Huku hakuna mahali pa kunikatia.

Haki ya Mungu, nyinyi wanaume mnanichosha. Mimi nimeaibika mji mzima! Mara ya tatu nesi aliniuliza, "Mama, kwani unataka tukupime mpaka upatikane?" Na wewe uko Githongo unajua, unakunywa chai.

Nilimchukua Ndwiga siku hiyo hiyo barua yako ilifika. Nilimvua shati nikaona alama nyeusi mgongoni mpaka chini ya kwapa, yeye anasema ni mbao zimemgonga. Mbao gani inagonga mtu chini ya kwapa? Joto lilikuwa limepanda mpaka anatetemeka. Na mimi nimemlaza wiki nzima kwa vumbi la randa. Hiyo nitajibu kwa Mungu, lakini wewe utakuwa umesimama kando yangu.

Daktari anaitwa Rahema. Nilimwekea vidonge vyako mezani.

"Nani alimwandikia hivi?"

"Kaka yangu."

"Kaka yako ni daktari?"

"Ni mkulima wa kahawa."

Akaweka kalamu chini. Akaniangalia, akamwangalia Ndwiga, akauliza polepole kama unavyomuuliza mtoto aliyekunywa mafuta ya taa: "Amekunywa hivi kwa muda gani?"

Sasa sikiza, kwa sababu mimi pia sikuwa najua. Kansa ya damu si moja. Huyo mama alichukua damu akaiweka kwa darubini, akaona seli changa nyingi sana ambazo hazifai kuwa nje. Akasema uboho ni kitalu cha damu. Kwako wewe, kitalu kinatoa miche mingi kupita kiasi, lakini inakua, na ugonjwa unatembea pole pole. Kidonge chako kilitengenezewa kasoro moja iliyo kwa seli zako, kinaizima hiyo tu. Kwa Ndwiga anashuku ni ile ya ghafla. Miche inabaki chipukizi, haikui, inajaza kitalu chote, nzuri inakosa pa kumea. Ndiyo maana hana damu ya kutosha, hana kinga, na akigongwa kidogo anavuja. Lakini ni aina gani hasa, hawezi kusema mpaka atoe uboho. Bila kujua aina hawezi kuanza dawa, kwa sababu dawa ya hii haitibu ile. Na hii haingoji. Inahesabu wiki.

Unajua shemeji yako amesemaje? Amekataa! Amelala pale anatoka damu puani, anasema, "Nangoja Baba Muthomi aseme." Mimi bibi yake wa miaka kumi na tisa ni redio ya jirani, inaongea tu.

Jambo lingine. Mbona vidonge vyote vimekatwa katikati? Hospitali gani inapeana dawa nusu nusu?

Karwirwa

*

Githongo, 12 Februari 2025

Dada yangu,

Nimesoma. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikasimama. Lakini hata wewe usinipige kama ngoma. Kwani nilikuwa namuua kwa kupenda? Mimi niliona mtu wangu anaogopa, nikampa kile kilinisaidia. Mimi mwenyewe hapa nilichanjwa na wembe juu ya bandama mpaka leo nina alama, watu wakisema ni malaria, wengine wakisema ni kitambi cha pombe, na mimi tumbo ni gumu kama jiwe. Hospitali walipopima damu mara moja tu ndio wakajua. Kidonge kikaniinua. Ningefikiria aje kwamba hakitamwinua yeye? Damu si ni damu?

Basi sikujua. Mwambie nimesema akubali atolewe uboho. Mwambie ni mimi nimesema.

Hivyo vya kukatwa ni kwa sababu yeye alikuwa anaanza. Mtu hapewi kizima mara moja.

Mwongera

*

Wodini, Embu, 15 Februari 2025

Muthoni wakwa, shemeji yangu,

Huyu mwanamke wako wa ukoo amenisomea barua yako mbele ya wagonjwa wote. Sasa wodi nzima inajua bandama yako.

Ati nikubali. Baba Muthomi, ni wewe huyo huyo unasema nikubali? Siku tulileta mahari iliyobaki, mwaka ule umeanza kuugua, si wewe ulitusimulia hiyo mambo ya uboho? Ulisema sindano ni kama msumari wa inchi sita. Ulisema daktari alipanda kitandani akakukanyaga mgongo ndio iingie. Ulisema watu watatu walikushika na bado uliwabeba. Wazee wangu waliacha nyama wakakuangalia. Mimi ni fundi. Mimi najua keekee inafanya nini kwa mti mgumu. Tangu siku hiyo nikisikia neno uboho, natafuta mlango.

Karwirwa ananikasirikia, na yuko na haki. Lakini yeye hajawahi kutobolewa. Huyu daktari anasema haiumi sana, na yeye pia hajatobolewa. Mtu ninamjua aliyetobolewa ni wewe peke yako. Kwa hivyo niambie. Kama ulisema ukweli, mniache. Kama ulisema uongo, niambie tu, sitakucheka. Nitakucheka kidogo.

Usikawie. Usiku nikikohoa naona damu kwa kitambaa.

Ndwiga

*

Githongo, 16 Februari 2025

Shemeji Ndwiga,

Cheka. Ilikuwa uongo.

Hakuna mtu alipanda kitandani. Hakuna mtu alinishika. Nililala kwa ubavu, magoti nikayakunja, nikaangalia ukuta. Kulikuwa na nesi mmoja mama mzee, ananiuliza mimi ni wa kwa nani. Wakanipangusa nyuma ya nyonga na kitu baridi. Halafu wakanidunga sindano ndogo ya kutia ganzi, hiyo ndiyo ilinichoma, kama siafu wawili. Nikalia. Si kulia kwa sauti, lakini nililia, hiyo ndiyo siri yangu, na sasa ni yako. Halafu wakangoja. Baadaye nilisikia mtu anasukuma, kama unavyosukuma kitanda cha mbao kwa sakafu. Kuna wakati wanavuta, na hapo utasikia mvuto mbaya unateremka mguuni, unahesabu moja mpaka tano, umeisha. Wakatoa na kipande kidogo cha mfupa, ni chembamba kama njiti ya kiberiti. Wakafunika, nikalalia hapo mgongo. Nilikula ndengu mchana. Wiki hiyo nyonga iliuma kama mtu aliyeanguka kwa ngazi, basi.

Kwa nini nilisema vile, shemeji, wewe unajua. Wazee wenu walikuwa wanaongea juu ya mashamba yao, na mimi nimekonda, kila mtu ananiangalia kama marehemu. Nilitaka niwe na kitu. Walipoacha nyama nikaona vizuri, nikaongeza. Kila mahali nimesimulia nimeongeza kidogo. Sikujua naongezea nani.

Lala kwa ubavu. Angalia ukuta. Kesho, usingoje kesho kutwa.

Mwongera

*

Embu, 27 Februari 2025

Mwongera,

Alisoma barua yako, akacheka mpaka fizi zikatoka damu, nesi akanigombeza mimi. Halafu akasema, "Haya, waje na keekee yao." Ilichukua dakika chache. Alipotoka aliniambia, "Siafu wawili ni kweli. Hiyo ingine yote ni kitu kidogo." Mimi nikaenda chooni nikalia, si kwa furaha, kwa hasira. Karibu miezi miwili! Kwa sababu ya hadithi ya kula nyama!

Majibu yamekuja. Ni ile ya ghafla, ya upande wa seli za uboho zenyewe. Ile kasoro ambayo kidonge chako kinazima, yeye hana kabisa. Ungempa gunia zima isingesaidia. Daktari Rahema hakuahidi kitu. Alisema kuna watu wanapona kabisa na kuna ambao hawaponi, na wiki zilizopotea hazirudi, lakini tuko bado na nafasi.

Dripu zilianza jana. Moja inakaa mchana na usiku kwa siku saba, ingine ni ya siku tatu za kwanza, inafanya mkojo unakuwa mwekundu, tuliambiwa mapema tusishtuke. Hizi zinaua miche yote, mibaya na mizuri, halafu mnangoja kitalu kimee upya. Hapo katikati ndipo kuna hatari, anakuwa hana kinga hata ya mafua. Akivuka, wanapima uboho tena, na kama ni safi kuna duru ya pili na zingine, kwa sababu zile mbaya hujificha chache chache zikarudi.

Anahitaji damu. Nyingi, na zile chembe za kugandisha damu isivuje. Tafuta watu huko Githongo. Hiyo utafanya.

Na kuna swali daktari aliniuliza. Nilimwambia ulisema anayeanza hupewa nusu. Akasema hakuna kitu kama hicho, na hakuna mgonjwa hupewa za kubaki. Akauliza: "Kama huyu alikuwa anapata nusu, kaka yako alikuwa anameza nini?"

Nijibu hiyo.

Karwirwa

*

Githongo, 3 Machi 2025

Dada yangu,

Watu nimepata. Lakini wacha nikwambie nilivyowapata, ili ujue hata mimi naadhibiwa.

Nilienda kwa mkutano wa chama cha kahawa. Mwenyekiti akanipa nafasi mwisho. Nikasema shemeji yangu anataka damu, anayeweza ainue mkono. Hakuna mkono. Mtu anakohoa. Halafu Misheck, yule wa mizani, akasema kutoka nyuma, "Mwongera, si wewe ulituambia ukienda huko wanakukanyaga mgongo?" Watu wakaanguka kicheko. Riungu akaongeza, "Mimi nina mgongo mmoja tu, Baba Muthomi, na bado sijaumaliza."

Karwirwa, nilichoka. Nilichoka na mdomo wangu. Nikawaambia, nyinyi watu, nisikizeni, nilidanganya. Nililia kwa sindano ya ganzi. Na hiyo hata si ya kutoa damu, ya kutoa damu ni ya mkono, unapewa soda unaenda nyumbani. Kwa sababu nilijifanya ng'ombe dume, mtu yuko Embu anakufa. Mwanamke mmoja, Kiende wa duka la mbolea, ndiye aliinua mkono wa kwanza, akasema, "Kama mwanaume alilia, basi ni kitu naweza." Wengine wakaona haya, wakafuata.

Riungu anawaleta Alhamisi na pikapu yake. Muthomi pia anakuja. Mimi damu yangu hawaitaki kabisa, unajua, kwa hivyo nabaki.

Ndwiga asikose kunywa uji.

Mwongera

*

Embu, 6 Machi 2025

Mwongera,

Watu wako wamekuja leo, wametoa, Mungu awabariki. Kiende alitoa wa kwanza, halafu Misheck akaanguka chini kabla hajaguswa. Ndwiga aliambiwa akacheka mara moja, kwa pua. Mdomo wake wote ni vidonda, hawezi kumeza hata mate. Dripu zimeisha. Seli zimeshuka chini kabisa, kama walivyosema. Mimi namwona kwa mlango nimevaa kitambaa usoni.

Lakini nikikushukuru nitasahau nimekukasirikia, kwa hivyo sikushukuru. Nilikuuliza swali moja. Umeniandikia juu ya mwenyekiti, juu ya Riungu, juu ya uji. Swali umeruka kama mtaro.

Basi nilimuuliza Muthomi hapa nje ya wodi. Maskini, hakujua kama ni siri. Akasema, "Baba hukata dawa yake na kisu ya mkate. Alisema daktari ndiye alimwambia apunguze." Daktari gani, Mwongera? Yule wa kwa mdomo wako?

Na Ndwiga alisikia, mlango ulikuwa wazi. Jioni akamwomba nesi kalamu, kwa sababu kuongea kunamuuma, akaniandikia kwa kipande cha karatasi: "Nimekula dawa ya mtu." Nikamwambia haukujua. Akaandika tena: "Kama anaficha ugonjwa wake kwa ajili yangu, duru ya pili siendi. Tukufe wawili, uvae nguo nyeusi mara moja upunguze gharama."

Alijifanya ni mzaha. Mimi namjua, haikuwa mzaha. Mlikuwa wapumbavu wawili tangu siku ya mahari na mtanizika katikati yenu.

Kwa hivyo sikiza. Usije Embu. Usitume mtu, usitume ndizi. Mpaka daktari wako ajue, na bibi yako Kananu ajue, mimi sina kaka. Nitauguza mtu mmoja, siwezi wawili.

Karwirwa

*

Githongo, 8 Machi 2025

Karwirwa,

Nilikuwa nakata. Kila asubuhi tangu Krismasi, nusu yangu, nusu ya Ndwiga, namtumia na matatu. Hakuna zilizobaki, hazijawahi kubaki, hupewa za mwezi zikiwa kamili. Na hakuna daktari aliniambia nipunguze. Nilijiambia, miaka minne niko sawa, ugonjwa umezoea, nusu inatosha kuushikilia. Nikaona nimefanya kitu kikubwa. Hata nilikuwa nasikia vizuri nikikata, kama mtu anagawa chakula chake. Hiyo ndiyo inanichoma zaidi, kwamba nilikuwa najipenda sana hapo.

Na si hiyo tu. Januari mwisho nilienda kliniki. Ile damu wanapima kuangalia kasoro imebaki kiasi gani ilikuwa imepanda. Daktari akaniuliza, "Mzee, unakunywa dawa kila siku?" Nikasema kila siku. Si uongo, si ukweli. Akasema basi pengine dawa imeanza kushindwa, atapima tena, na kama imepanda atanibadilishia ingine yenye nguvu zaidi. Mimi nikakubali na kichwa. Mtu mzima, ninamwangalia daktari anatafuta kosa kwa dawa, na kosa limeketi kwa kiti. Barua yangu ya kwanza niliandika kama nimekuambia yote. Nilikuambia ile iliyokuwa imeshapatikana tayari.

Tangu ulete Ndwiga hospitali nameza kizima. Lakini sikusema kwa mtu, nikafikiria nitajirekebisha kimya kimya, itashuka, hakuna atakayejua. Kumbe ninamuua mtu mara ya pili kwa kufunga mdomo.

Kananu hajui. Nilikuwa nakata akiwa amekwenda kukamua. Sasa hivi yuko nje anafunga kuku. Nimejaribu kumwambia wakati wa chai, maneno yakaishia kwa sukari. Kwa hivyo nimefanya hivi: barua hii naiandika mezani mbele ya kiti chake, na sitaifunga. Akiingia nitampa asome kutoka juu mpaka chini, na mimi nitakaa hapa. Ukiona karatasi imekunjwa vibaya au imeraruka upande, ujue ni yeye, na ujue alikuwa na haki.

Mwambie Ndwiga hivi, umsomee kwa mlango. Mwambie Jumatano tarehe 12 Machi ni siku yangu ya kliniki. Saa mbili asubuhi nitakuwa nimeketi mbele ya daktari, Kananu kwa kiti cha pili, na nitasema na mdomo wangu mwenyewe: daktari, dawa haikushindwa, nilikuwa nakata. Nitasema ni kuanzia lini na nilimpa nani. Apime upya, anigombeze, afanye anachotaka. Nikitoka hapo nitampa Kananu simu akupigie yeye, si mimi, kwa sababu mimi hufai kuniamini bado, na akwambie nilisema au sikusema. Ukishasikia kutoka kwake, ndipo umwambie Ndwiga, kabla ya saa sita mchana siku hiyo ya Jumatano.

Mlango wa jikoni umefunguka. Anakuja.

Mwongera